Alifikaje hapa? Swali moja la kubeba darasa linapokwenda kuona wanyama

Wanafunzi, wafinalisti, na nyinyi mliomaliza lisansi na bado mnaongoja kazi, leo tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu hatukulipata tulipokuwa shule: ziara ya darasa kwenda kuona wanyama, waliohifadhiwa makumbushoni na walio hai. Nitaanzia Opala, kwa sababu Opala ina kisa ambacho kila mwalimu wa biolojia wa Tshopo angepaswa kukijua kwa kichwa.

Mwezi wa 6 mwaka 2007, kikundi cha watafiti wa wanyama kilipita Opala. Kilikuwa kinafanya kazi katika msitu ulio kati ya mito Tshuapa, Lomami na Lualaba. Pale Opala, nyumbani kwa direkta wa shule ya msingi, wakaona kima mdogo wa kike amefugwa. Wakamtazama. Wakatazamana. Watu hawa walikuwa wamezoea kuona kima wa kila aina, lakini huyu hakuwa katika kitabu chochote walichokuwa nacho.

Wakamuuliza direkta: huyu ni nani? Direkta akawajibu bila shida: huyu ni lesula. Wawindaji wote wanamjua. Akawaeleza pia kwamba alimpata yapata miezi miwili kabla, kutoka kwa mtu wa familia aliyemuua mama yake msituni karibu na Yawende, kusini ya Opala.

Ndiyo hivyo tu. Hakuna mlima uliopandwa wala pango lililofukuliwa. Mnyama ambaye sayansi ya dunia nzima haikuwa imemwandika alikuwa uani kwa mwalimu, katika mji wetu mdogo, na watoto wa shule wakimwona kila siku.

Ilichukua miaka mitano kumaliza kazi. Watafiti walimtafuta porini, wakampata. Walilinganisha mafuvu, ngozi, sauti na chembe za urithi na zile za ndugu yake wa karibu, kima mwenye uso wa bundi, ambaye anaishi upande wa pili, mashariki. Tarehe 12 Septemba 2012 wakatangaza katika jarida la PLoS ONE kwamba ni spishi mpya. Jina lake la kisayansi ni Cercopithecus lomamiensis, yaani kima wa Lomami. Jina la kawaida liliachwa lile lile alilolitaja direkta: lesula.

Kwa wasiomjua: uso wake ni mtupu, na macho yake yanafanana sana na ya mtu. Katikati ya pua kuna mstari mweupe unaoshuka chini. Manyoya ya kuzunguka uso na kifua yana rangi ya dhahabu. Dume mzima ana matako ya buluu kabisa, huwezi kukosea. Mara nyingi anatembea chini, si juu ya miti tu, na alfajiri madume hutoa mlio mzito unaosikika mbali.

Sasa nawauliza swali. Kwa nini watu wote wa Opala walimwona, na watafiti wakaona "kitu kipya"? Je, wao wana macho mazuri kuliko yetu? Hapana. Tofauti ilikuwa kwamba walikuwa na kitu cha kumlinganisha naye, na waliuliza swali moja: huyu alifikaje hapa? Alitoka msitu gani, nani alimleta, mama yake yuko wapi?

Swali hilo ndilo ninalotaka tubaki nalo leo. Nasema kwamba ziara ya shule isiyomfundisha mtoto kuuliza swali hilo ni matembezi tu. Na ziara inayomfundisha, hata ikiwa fupi, inaweza kubadilisha namna anavyoutazama msitu wake.

KWANZA, MAKUMBUSHO NI NINI HASA?

Watu wengi wakisikia neno makumbusho wanafikiri ni nyumba ya vitu vya zamani vyenye vumbi. Makumbusho ya sayansi ya viumbe ni zaidi ya hapo. Ni kama registre ya wakazi. Kila mnyama, ndege, samaki au mmea uliohifadhiwa una kikaratasi kinachosema mambo matatu: ulichukuliwa wapi, lini, na nani. Bila kikaratasi hicho, fuvu ni mfupa tu. Kikiwepo, fuvu ni ushahidi: mnyama huyu aliishi hapa, mwaka huu. Kesho msitu ukikatwa, ushahidi unabaki.

Na kikaratasi kikiwa na kosa, kosa linaishi miaka mingi. Sikilizeni kisa cha tausi wa Kongo, ndege wa taifa letu.

Mwaka 1913, Mmarekani James Chapin, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya New York, alikuwa katika msitu wa Ituri. Aliona unyoya mmoja umechomekwa kwenye kofia ya mwenyeji. Alijua karibu ndege wote wa msitu ule, lakini unyoya huu hakuutambua. Akauhifadhi. Miaka 23 ikapita. Mwaka 1936 alitembelea makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji, na pale juu ya kabati akaona ndege wawili waliokaushwa. Kikaratasi kilisema ni tausi wa India, bado wachanga. Chapin akaona unyoya wake. Wale hawakuwa tausi wa India hata kidogo. Walikuwa ndege wa Kongo ambaye hakuna kitabu kilichomtaja, na mwaka ule ule akapewa jina la sayansi, Afropavo congensis.

Mnaona? Ndege walikuwa makumbushoni miaka yote hiyo, watu wanapita chini yao, kwa sababu kikaratasi kilijibu vibaya swali la "alifikaje hapa".

Bonobo naye, ambaye watu wa Opala wanaishi naye msitu mmoja, alitambuliwa na sayansi kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1929, Mjerumani Ernst Schwarz alimwelezea kutokana na mabaki yaliyokuwa Tervuren. Wazee wetu walikuwa wakimjua tangu zamani na wakimwita kwa majina yao. Lakini aliandikwa mbali, katika nyumba ambayo mtoto wa Opala hawezi kuingia.

Hata lesula yuko vilevile. Kielelezo chake kikuu, yaani yule mmoja ambaye spishi nzima inapimwa kwake, kimewekwa katika makumbusho ya Peabody ya Chuo Kikuu cha Yale, Marekani. Sisemi kwamba waliiba. Kuna sababu za kisayansi, na tusiwe watu wa kulalamika tu. Ila tujiulize: mtoto wa direkta mwingine wa Opala akitaka kuona lesula na kikaratasi chake, aende wapi?

PILI, MNYAMA ALIYE HAI ANAONGEZA NINI?

Fuvu linakuonyesha meno. Halikuonyeshi jinsi mnyama anavyochagua tunda, anavyomwogopa mwenzake, anavyombeba mtoto. Ndiyo maana sehemu nyingine wameweka vyote viwili pamoja.

Kule Nairobi, pembeni ya Makumbusho ya Taifa, kuna Bustani ya Nyoka iliyofunguliwa mwaka 1961. Vizazi vya watoto wa Kenya wamepita pale na shule zao. Ndani ya jengo wanaona mifupa, ndege na wadudu waliohifadhiwa, kisha wanatoka nje na kusimama mbele ya nyoka aliye hai, kioo kikiwa katikati. Fikirieni faida yake kwa mtoto wa kijijini. Anajifunza kutofautisha nyoka mwenye sumu na asiye na sumu, anajifunza kwamba nyoka hamfuati mtu kumtafuta, na anajifunza cha kufanya mtu akiumwa. Hilo ni somo la uhai, si la mtihani.

Kwetu Kongo, mfano ulio karibu zaidi na ninachozungumza ni Lwiro, katika teritwari ya Kabare, Kivu ya Kusini, karibu kilomita 40 kutoka Bukavu. Wabelgiji walianzisha pale taasisi ya utafiti mwaka 1947 kwa jina la IRSAC. Leo ni CRSN, kituo cha utafiti wa sayansi asilia. Kina makusanyo ya wanyama, wadudu na mimea, na maktaba kubwa. Halafu mwaka 2002, ICCN na CRSN wakaanzisha katika uwanja huo huo kituo cha kulea sokwe na kima waliokamatwa mikononi mwa wafanyabiashara na wawindaji. Leo kuna sokwe zaidi ya 100, na kima wengi. Makundi ya wanafunzi hupokelewa pale, kunakuwa na mtu wa kuwaelezea, na wanawaona wanyama kutoka nje ya uzio.

Kinshasa nako kuna Lola ya Bonobo, iliyoanzishwa na Claudine André mwaka 1994. Pale wanaolelewa ni bonobo, wale wale wa msitu wetu wa upande wa kushoto wa mto. Maelfu ya watoto wa shule za Kinshasa wameshafika. Mtoto wa Kinshasa amemwona bonobo kwa macho yake, na wa Opala, ambaye bonobo ni jirani yake, pengine amemwona akiwa nyama sokoni tu. Mambo hayo yanauma kidogo, lakini ni kweli.

TATU, HATARI YA KUMWONA MNYAMA BILA KUULIZA

Hapa sasa tuwe makini, kwa sababu ziara mbaya ina madhara kuliko kutokwenda kabisa.

Mtoto akimwona sokwe mdogo anacheza, jambo la kwanza linaloingia moyoni ni: "Nami namtaka!" Ni jambo la kawaida. Mnyama mdogo anapendeza, ana macho kama ya mtoto mchanga, anashika kidole. Sasa kama mwalimu ataishia hapo, picha zikapigwa, watoto wakacheka, wakarudi nyumbani, tumefundisha nini? Tumefundisha kwamba mnyama wa pori ni kitu cha kuchezea. Na yule mtoto akikua, siku akiletewa kima mdogo na mjomba wake, atamfunga kamba uani, na atafikiri anampenda.

Lakini mwalimu akiuliza, "Watoto, huyu alifikaje hapa?", hadithi inageuka. Mama sokwe hamtoi mtoto wake. Hakuna njia ya kumchukua isipokuwa kumuua mama, na mara nyingi na wengine wanaomtetea. Nyama inauzwa, mtoto anabaki kwa sababu nyama yake ni kidogo, anauzwa akiwa hai. Wengi wanakufa njiani kwa njaa, majeraha na huzuni. Yule mmoja tunayemwona kwenye uzio ni aliyebahatika. Na bonobo au sokwe jike huzaa mtoto mmoja, kisha inapita miaka minne au mitano hivi kabla ya kuzaa mwingine. Kwa hiyo ukiua mama mmoja, msitu hauwezi kujaza pengo haraka kama kuku anavyojaza banda.

Mtoto wa miaka kumi anaelewa hesabu hiyo vizuri kabisa. Sijaona mtu anayehitaji diploma ili aielewe.

Turudi kwa lesula wa Opala. Alifikaje kwa direkta? Mama yake aliuawa msituni. Jibu ni lile lile. Simlaumu direkta. Wakati ule hakuna aliyejua kwamba ni mnyama wa pekee, na kama asingemlea, yule mdogo angekufa na sayansi isingemwona. Lakini kisa hicho kina pande zote mbili, na mwanafunzi anapaswa kuzijua zote: furaha ya kugundua, na bei iliyolipwa.

Hatari ya pili ni ugonjwa. Sokwe, bonobo na kima wako karibu na sisi kwa damu, kwa hiyo magonjwa yanavuka pande zote. Mafua ya mtoto wa shule yanaweza kumuua sokwe. Na upande mwingine, mpox ilitambuliwa kwa binadamu kwa mara ya kwanza mwaka 1970 hapa hapa Kongo, kwa mtoto mdogo. Kwa hiyo kanuni ni rahisi: hakuna kugusa, hakuna kulisha, hakuna kumtemea, mwenye kikohozi anabaki nyumbani, mikono inanawa kabla na baada. Mahali wanapokuruhusu kumbeba mnyama ili upige picha, ndugu yangu, ondoka. Hapo si mahali pa kufundishia.

Hatari ya tatu ni kizimba kibaya. Mnyama akiwa na njaa, amekonda, amefungwa mahali anapoweza kugeuka tu, mtoto hajifunzi biolojia, anajifunza kwamba mateso ni kawaida. Mwalimu aende peke yake kwanza, aone. Akikuta hali si nzuri, apeleke darasa kwenye mafuvu na ndege waliohifadhiwa. Hao hawateseki tena.

NNE, SISI WA TSHOPO TUFANYE NINI?

Najua kuna wanaosema: "Mzee, watoto wetu wanaishi na wanyama, waende kuona nini tena?" Hoja hiyo ina ukweli. Mtoto wa Opala anajua nyayo ambazo mtoto wa Kinshasa hatazijua maisha yake yote. Lakini kumbukeni: watu waliishi na lesula miaka na miaka, na hakuna aliyejua kwamba nje ya msitu huu hayuko popote duniani. Kuishi na kitu hakutoshi. Inabidi ukilinganishe na vingine ndipo ujue thamani yake. Kazi ya makumbusho ni hiyo ya kulinganisha.

Wengine wanasema: "Pesa iko wapi? Mzazi hajamaliza minervali, wewe unaongea ziara." Hapo pia wana haki. Kutoka Opala kwenda Kisangani si mchezo. Ukipita mtoni unashuka Lomami mpaka Isangi, kisha unapanda mto Kongo. Kupeleka darasa zima kwa mtumbwi, watoto wadogo, hapana, siwezi kushauri. Na Lwiro ni mbali zaidi, na usalama wa Kivu tunaujua. Nimeitaja ili tuone namna wanavyofanya, si ili tupange safari kesho.

Basi nagawa mambo mawili: walio Kisangani, na walio Opala.

Kwa shule za Kisangani, mlango uko karibu. Chuo kikuu chetu kina Centre de Surveillance de la Biodiversité, ile tunayoiita CSB, yenye makusanyo ya wanyama na mimea ya bonde la Kongo. Mwaka 2010, wataalamu wa Kongo na wa Ubelgiji walifanya msafara wa mtoni ulioitwa Boyekoli Ebale Congo, yaani kusoma mto Kongo, na kazi za namna hiyo ndizo zilizosaidia kujenga wazo kwamba vielelezo vyetu vibaki pia hapa kwetu, si Ulaya tu. Kisangani ina pia bustani ya wanyama upande wa mto Tshopo, chini ya ICCN. Mwalimu anaweza kupanga asubuhi moja: kwanza vielelezo, kisha wanyama hai, mradi ameshatembelea kwanza, ameomba ruhusa kwa barua, na amekubaliana na mtu atakayewaelezea watoto.

Namna ya kupanga ziara hiyo, mimi naiona hivi.

Kabla: wiki moja mbele, kila mwanafunzi achague mnyama mmoja wa kwao. Aulize nyumbani jina lake kwa lugha ya familia, kiwe Kimbole, Kilokele, Kiturumbu au nyingine, na aandike katika kaye yake kile wazee wanachokisema: anakula nini, anazaa lini, alionekana lini mara ya mwisho. Hivyo mtoto anafika makumbushoni akiwa na kitu mkononi, si kama mtu mtupu anayengoja kujazwa.

Wakati wa ziara: msiingie watoto 60 kwa pamoja, mtapiga kelele na hakuna atakayesikia. Gaweni vikundi vidogo. Mbele ya kielelezo, mtoto asome kikaratasi kwanza kabla ya kumtazama mnyama: wapi, lini, nani. Mbele ya mnyama hai, anyamaze dakika tano, amtazame, aandike anachofanya, si anachofikiri. Kisha maswali matatu: alifikaje hapa? Anaweza kurudi porini? Kama hawezi, kwa nini?

Baada: wakirudi, kila kikundi kisimulie mbele ya darasa safari ya mnyama mmoja tangu msituni mpaka pale. Mwalimu atoe alama kwa hiyo kazi. Mtoto wa kwetu akijua hakuna alama, hafanyi, tusidanganyane.

Kwa shule za Opala, nafikiri makumbusho ndiyo yanapaswa kutembea. Hapa nawaongelea nyinyi wafinalisti wa sayansi mnaotoka Opala, Yahuma, Isangi. Mnaporudi likizo mnabeba nguo na chumvi. Bebeni pia picha kubwa za lesula, bonobo na tausi wa Kongo, na ramani ya mito. Ombeni saa mbili kwa direkta. Simulieni kisa cha 2007. Waambieni watoto: jambo hili lilianza hapa, katika mji wenu, nyumbani kwa mkubwa wa shule kama yenu. Nawahakikishia darasa litanyamaza.

Kisha anzisheni kabati dogo la shule. Halihitaji pesa. Boksi, karatasi, bik. Waweke unyoya uliookotwa, ganda la konokono, kiota kilichoachwa, jani lililokaushwa ndani ya kitabu, mdudu aliyekufa mwenyewe. Kila kitu na kikaratasi chake: wapi, lini, nani. Na kanuni iwe wazi tangu siku ya kwanza: hakuna kuua wala kukamata kitu kwa ajili ya kabati, na mabaki ya mnyama aliyekutwa amekufa hayaguswi, kwa sababu ya magonjwa. La sivyo tutakuwa tumeanzisha uwindaji mwingine kwa jina la sayansi.

Mnyama hai wa Opala hahitaji uzio. Alfajiri, palipo na msitu mzuri, lesula dume anapiga mlio wake. Mtoto aulize wawindaji wa kijiji: mnausikia wapi siku hizi? Baba zenu walikuwa wakiusikia wapi? Tofauti ya majibu hayo mawili ni somo kubwa kuliko kitabu.

MWISHO, TUSIWATUKANE WAZAZI

Kuna jambo la mwisho ambalo sisi wasomi tunalikosea sana. Tukienda shuleni na kusema "wawindaji ni wabaya", nusu ya darasa ina baba mwindaji. Mtoto huyo amevaa viatu na kalamu anayo kwa sababu baba yake aliuza nyama. Ukimtukana baba, umemfunga mtoto masikio.

Sema ukweli wote. Sheria ipo: sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira asilia, na bonobo analindwa kabisa, hauliwi. Hifadhi ya Taifa ya Lomami ipo tangu 2016, kati ya Tshopo na Maniema, na kisa cha lesula ni sehemu ya historia yake. Lakini sema pia kwamba mwindaji ndiye aliyejua jina la lesula. Bila mdomo wa mtu wa msituni, watafiti wangekuwa na kima asiye na jina. Mwambie mtoto: baba yako ana elimu ambayo chuo kikuu inaitafuta. Kamuulize, iandike, iweke kikaratasi. Mtoto atakwenda nyumbani na swali, si na lawama. Na baba aliyeulizwa na mwanawe "huyu alifikaje hapa?" huenda akaanza kujiuliza mwenyewe.

Yule kima mdogo wa 2007 watu walimwona wengi. Sijui ni watoto wangapi wa shule walimpita siku hizo wakienda darasani kusoma "wanyama wa Afrika" ubaoni: simba, twiga, punda milia, wanyama ambao msitu wetu hauna hata mmoja. Nje pale alikuwepo mnyama ambaye dunia nzima haikumjua, na hakukuwa na mwalimu wa kuwaambia: simameni kidogo, mtazameni huyu, ulizeni.

Ndugu zangu, sasa tunajua. Likizo inakuja. Kama unatoka kijijini na una saa mbili za kutoa, zungumza na direkta wa shule uliyosomea, kisha uje utusimulie ilivyokwenda.